Zamu ya Usiku wa Ijumaa

Wanaoogopa kompyuta siwalaumu. Ninaowadharau ni wale wanaodhani kompyuta inajua. Haijui kitu. Uiandikie neno Ijumaa, yenyewe inaona herufi sita zimepangana, basi. Haijui kwamba ni siku ya kanzu safi, haijui kwamba inakuja baada ya Alhamisi, wala haijui kwamba wiki ijayo itarudi tena. Ili ijue, lazima mtu akae chini, ayachukue maandishi yale na kuyageuza yawe tarehe kwelikweli: kitu chenye mwaka, mwezi, siku, saa na dakika, ambacho ukikiuliza kesho ni lini kinakujibu. Kazi hiyo ndiyo iliyonipa ugali kwa miaka kadhaa. Haina sifa, na wengi wanaoifanya wanaifanya ovyo.

Nilikuwa nimerudi Lushoto kutoka Dar es Salaam, nimepanga chumba nyuma ya duka la mbegu na dawa za mboga, naandika programu za watu ambao sijawahi kuwaona sura. Kipupwe kikianza nilikuwa nafanya kazi nimejifunga blanketi kiunoni na soksi jozi mbili. Mjini walisema, huyu kasoma mpaka kachoka, sasa kajifungia ndani anazungumza na mashine. Waache waseme. Mtu anayeshinda kijiweni akihesabu pikipiki zinazopita ana haki gani ya kunionea huruma?

Nyumbani kwetu hasa si mjini. Ni bondeni, ukishapita Soni kama unaelekea Bumbuli, halafu unaacha barabara na kuteremka kwa miguu. Hapo kuna mfereji mmoja tu, wa tangu enzi za mababu, na mashamba yote ya chini yanakunywa humo. Kiangazi maji hayatoshi, kwa hiyo kila kaya ina zamu yake, saa zake za wiki, na zamu hiyo inarithiwa kama shamba lenyewe. Shangazi yangu aliirithi ya marehemu mume wake. Yake ilikuwa usiku wa Ijumaa, saa moja hadi saa nne. Sehemu yake nyingine ya ardhi iko juu kwenye mteremko mkavu, ambako hupati kitu zaidi ya maharage, nayo mpaka mvua ipende. Bila ile zamu shangazi hana kabichi, hana hoho, hana karoti, na kwetu asiye na mboga hana kitu cha kupeleka sokoni. Shangazi ndiye aliyenilea. Nilisomeshwa na kabichi za shamba lile, tangu sare ya kwanza mpaka chuo.

Sheria ya mfereji ni fupi. Asiyefika kwenye zamu tatu mfululizo, na hakutoa taarifa kabla, zamu yake anapewa anayefuata kwenye orodha ya wanaongoja. Orodha hiyo ni ndefu, na wanaongoja hawalali.

Basi ukaja mradi. Mradi ukiingia bondeni unaujua kwa fulana. Walituletea fulana, chai na maandazi, na mtaalamu kutoka mjini mwenye viatu vyeupe. Viatu vyeupe, kwenye udongo wetu! Alikuja kutengeneza programu ya kuwakumbusha watu zamu zao kwa ujumbe wa simu, maana eti daftari la kamati limepitwa na wakati. Alikaa siku mbili, akapiga picha kila ukurasa wa daftari, akala, akaaga.

Sijui hata nianzie wapi kuieleza kazi ya yule bwana. Katibu wa kamati alikuwa ameandika msaragambo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mfereji, utakuwa 05/08, yaani tarehe tano mwezi wa nane, kama anavyoandika kila mtu mwenye akili timamu. Programu ikasoma mwezi kwanza, siku baadaye, ikaona ni tarehe nane Mei, na Mei imeshapita. Ikawatumia watu wote bondeni ujumbe kwamba hawakuhudhuria msaragambo na wajiandae kutozwa faini. Wazee walitoka majumbani na majembe begani kwenda kuuliza kosa lao ni lipi.

Hilo lilikuwa dogo. Kwenye daftari, zamu ya saa mbili asubuhi imeandikwa saa mbili asubuhi. Yule bwana, ambaye naamini mama yake mzazi alikuwa akimwamsha saa kumi na mbili kwenda shule, aliiruhusu programu yake isome saa mbili kama mbili za kizungu, yaani saa nane usiku. Ujumbe ukatoka saa moja kabla. Simu za bonde zima zikalia saa saba za usiku. Kwetu simu ikilia saa hizo ni msiba, hakuna kingine. Wanawake walishaanza kujifunga kanga kiunoni kabla hawajasoma kwamba wanaitwa kufungulia maji. Wiki nzima watu hawakuongea jambo jingine, na yule mtaalamu alipopigiwa alisema tatizo ni watumiaji hawajapata mafunzo.

Mradi ukanitafuta mimi. Nilikwenda kwenye mkutano wa kamati nikiwa nimeisoma programu yake mstari kwa mstari, na mbele ya watu wote nilimcheka. Hakuwepo, lakini nilimcheka kana kwamba yupo. Niliwaeleza kosa moja baada ya jingine, nikaiga hata alivyokuwa akitembea kwa kunyanyua miguu asichafue viatu, na watu wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nikasema huyu si mtaalamu, huyu ni mtu aliyenunua kompyuta. Nikasema kazi ya saa zetu inataka mtu wa hapa. Shangazi alikuwa amekaa mstari wa mbele na wanawake wenzake, na nilimwona akiwagusa magoti mmoja mmoja.

Mkutano ulipokwisha, katibu alinifuata. Ni mzee mkali, mwalimu wa madrasa, ndiye aliyenifundisha alifu na be, na daftari la mfereji analiandika yeye tangu sijazaliwa. Akaniambia nipite kwake siku moja anisomee daftari lote, ukurasa kwa ukurasa. Nikamshukuru kwa adabu, nikambusu mkono, na moyoni nikasema, mzee huyu anataka kunipotezea siku nzima kwa mwandiko wake wa kuku. Picha za kurasa ninazo. Kusoma najua. Atanisomea nini?

Nikarudi chumbani kwangu, nikafanya kazi siku nne. Na niseme kweli, ilikuwa kazi nzuri. Tarehe zikasomwa siku kwanza, mwezi baadaye. Saa zote za Kiswahili nikaziongezea sita: saa mbili asubuhi ikawa nane ya kompyuta, saa kumi jioni ikawa kumi na sita, saa moja usiku ikawa kumi na tisa. Nikakumbuka hata wale wa saa nane usiku, kwamba kwao kompyuta inakuwa imeshageuza tarehe, nikawasogeza siku moja mbele. Nikajipongeza kwa hilo peke yangu chumbani. Nikazijaribu zamu ishirini na kitu za mchana, zote zikaja sawa, na zile chache za usiku nikaona hazina haja, maana hesabu ni ileile. Ujumbe nikaupanga utoke asubuhi inayotangulia zamu, mtu apate kujiandaa: Leo ni zamu yako ya maji, kuanzia saa fulani.

Wiki ya kwanza sifa zilinifikia mjini. Hakuna aliyeamshwa usiku. Mtu wa mradi alinipigia kusema wanafikiria kunipa mifereji mingine, mpaka ya kule chini Magoma. Nilikuwa nikipita mjini kichwa juu. Yule wa viatu vyeupe nikamsimulia kwa kila aliyenipa sikio.

Ulipita karibu mwezi kabla sijateremka nyumbani. Ilikuwa Jumapili, kabla ya adhuhuri, na nilipofika juu ya shamba nilisimama. Hoho za shangazi zilikuwa zimelegea, majani yamejikunja, udongo umepasuka katikati ya matuta. Shamba la jirani, hatua tano tu, lilikuwa limelowa. Shangazi alikuwa anapanda kutoka kijitoni na ndoo kichwani na nyingine mkononi, na wakati huo alikuwa ameshamwagilia matuta mawili kati ya kumi na tisa.

Nikampa shikamoo. Akaitika, akatua ndoo, na bila kunitazama akaniambia kwamba zamu hana tena, kamati imeshampa mtu mwingine, yeye amewekwa mwisho wa orodha. Alinieleza kwa Kiswahili. Sisi nyumbani tunaongea Kishambaa, na shangazi akiniongelesha Kiswahili ni kama ananiweka sebuleni pamoja na wageni.

Badala ya kumwonea huruma, nilipandwa na hasira. Nilimkemea, mimi niliyebebwa mgongoni mwake. Nikamwambia mtu anasahauje siku yake mwenyewe aliyoishika miaka yote hii, tena na simu inamkumbusha asubuhi? Nikamwuliza kama ujumbe ulikuwa unamfikia. Akasema unamfikia kila Ijumaa. Nikamwuliza, na ukikufikia unakwenda? Akasema anakwenda, anakuta maji yako kwa mwingine, anarudi. Sikungoja aseme zaidi. Nikajua ni njama. Nikajua katibu na mwandiko wake wamempa mtu zamu ya mjane, na nikapanda kwa katibu mbio.

Nilimkuta barazani, amemaliza watoto wa madrasa, anafunga kitambaa kwenye misahafu. Nikamwamkia, na pumzi haijatulia nikamwambia shangazi yangu ameonewa. Hakubishana. Aliingia ndani, akatoka na daftari, akalifungua mbele yangu. Hakuja. Hakuja. Hakuja. Mara tatu, na kando ya kila neno tarehe. Nikazihesabu kwa vidole. Zote tatu zilikuwa za Alhamisi.

Nikamwambia kwa ushindi kwamba hapo hapo ndipo alipokosea, zamu ya shangazi ni Ijumaa, imeandikwa na mkono wake mwenyewe, usiku wa Ijumaa.

Akalifunga daftari. Kisha akauliza taratibu, kama alivyokuwa akiniuliza nikiwa na miaka saba na ubao mapajani:

"Usiku wa Ijumaa tulikuwa tunakusanyika lini kusoma Yasini?"

Alhamisi. Nilikuwa nakuja barazani pale pale kila Alhamisi baada ya magharibi, na tulikuwa tunaambiwa, leo ni usiku wa Ijumaa. Jua likizama siku imekwisha, na usiku unaoingia ni wa siku inayofuata. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma. Bibi yangu alifunga na kufungua kwa hesabu hiyo, nikah zilifungwa kwa hesabu hiyo, na maji ya mfereji yaligawanywa kwa hesabu hiyo na watu ambao hawakuwahi kushika kalamu. Mimi nikaenda mjini, nikakaa mbele ya kioo miaka kumi, nikaanza kuamini kwamba siku inabadilika saa sita ya usiku kwa sababu ndivyo mashine ilivyofundishwa na watu wa huko. Zamu zote za usiku nilizipeleka siku moja mbele. Zote, tena kwa majivuno.

Nyani haoni kundule. Yule bwana wa viatu vyeupe alikosea saa za watu wasio wake. Mimi nilikosea za baba yangu.

Nikamwuliza katibu kama wengine wa zamu za usiku nao walikosa. Akasema hapana. Waliuona ujumbe, wakasema mashine imekosea tena, wakaufuta, wakaenda siku zao. Yeye mwenyewe aliwaambia waendelee na daftari mpaka nitakapokuja, maana alitegemea nitakuja kuuliza. Nikasema, na shangazi je? Akasema alimfuata wiki ya pili kumwuliza mbona haonekani mferejini. Shangazi akamjibu kwamba mgongo unamsumbua. Katibu akamkumbusha ruhusa inaombwa kabla, shangazi akasema anajua.

Hilo la mgongo nilishindwa kulielewa. Mgongo gani, wa mtu anayepanda mlima na ndoo mbili?

Kompyuta nilikuwa nayo kwenye mkoba. Nilikaa palepale barazani nikarekebisha. Mstari mmoja: ikiwa ni usiku, na saa sita haijafika, rudi nyuma siku moja. Na wale wa baada ya saa sita nikawaondolea ile siku niliyowasogeza mbele na kujipongeza nayo. Hata chai aliyonipa katibu haikuwa imepoa.

Jumanne kamati ilikaa. Nilisimama mbele ya watu walewale niliowachekesha, nikasema kosa ni langu, programu ni yangu, shangazi yangu hakukosa zamu, mimi ndiye niliyemkosesha. Sikupata hata mtu wa kucheka, na nilitamani wangecheka. Mwenyekiti akasema amenisikia. Lakini aliyepewa zamu ni baba mwenye watoto sita, alingoja miaka mingi, na tangu apewe ameshahamishia miche ya nyanya shambani. Kumnyang'anya maji leo ni kuua miche iliyo hai ili kuokoa hoho ambazo zimeshakufa. Wakashauriana. Wakasema shangazi aondolewe mwisho wa orodha, awekwe wa nne. Wa nne! Kwenye mfereji ambao mtu hapati zamu mpaka mwingine afe au ahame. Nilitaka kuwatukana, na sikuwa na tusi moja ambalo halikunistahili mimi kwanza.

Nikateremka kumpa habari. Nilimkuta kwenye matuta, anang'oa hoho zilizokauka na kuzirundika pembeni kwa ajili ya mbuzi. Nikamweleza yote, la magharibi, la daftari, la wa nne. Nikamwomba radhi. Nikamwambia laiti angesahau simu na kufuata mazoea kama wenzake, mashine ilimchanganya akasahau kwamba usiku wa Ijumaa ni Alhamisi.

"Sikusahau," akasema.

Hakuacha kung'oa. Akaniambia wiki ya kwanza alidhani kamati imebadilisha siku, akafuata simu. Alipokuta maji kwa mwenzake Ijumaa ile, na yule mtu akamwambia daftari halijabadilika, alijua palepale kwamba mimi ndiye niliyekosea. Nikamwuliza, sasa kama alijua, kwa nini Alhamisi zile mbili hakwenda?

"Ulimcheka yule bwana mbele ya watu wote," akasema. "Wenzangu walikuwa wameshaanza kunong'ona kwamba na yako imeharibika. Nikaenda Ijumaa, waone kwamba angalau mtu mmoja anaifuata."

Nikasema, lakini shangazi, ungeniambia mimi. Ungenipigia simu, neno moja tu, nisingechukua hata robo saa.

Hapo ndipo alipoinuka na kunitazama, na akahamia Kishambaa, lugha yetu ya nyumbani. Akasema alinipigia, wiki ileile ya pili. Nikakumbuka. Nilikuwa na watu mezani, na aliuliza kwa sauti ya kujikunja kama nina hakika zile siku za usiku nimezipanga vizuri, na mimi nikamwambia, mbele ya wageni wangu, shangazi, mambo ya kompyuta niachie mimi, nikakata.

"Wewe huambiwi, mwanangu," akasema, akainama tena kwenye tuta.